Jiwe la Mdaiwa

Saa kumi za jangwa, mchanga na nguzo za umeme,
kisha barabara ikapanda, na jangwa likakatika
kama uzi ukatwao kwa meno.
Hapo ukungu. Hapo majani.
Ngamia wakapita mbele ya taa za gari
bila haraka, kama wenye hati ya mlima.

Shangazi Rayya akateremsha kioo:
"Ebu nusa. Kunanuka Pemba."
Nikanusa. Kwangu kulinuka mvua na samadi;
Pemba siijui, naijua kwa kinywa chake tu.

Juu ya Salala, mwituni, Musallam alitungoja,
kikoi kakipandisha magotini, miguu mitupu.
Kiarabu chake cha milimani kilitupita kando,
cha mjini kikatufaa.
Akatangulia. Kila tawi lilitudondokea shingoni.
"Si mvua," alisema. "Ni wingu limechoka kusimama."

Na ghafla, jiwe.
Jeupe lililofifia, refu kupita minazi miwili,
limetobokatoboka kama mkate wa kumimina,
mizizi ya mkuyu imelikamata kiunoni.

Wanasema palikuwa na mtu
aliyekopa ubani, magunia saba, akala bei.
Mwenye mali alipomjia akajificha ukunguni,
akauomba usiondoke. Haukuondoka.
Alipotaka kutoka, miguu ilikwisha kuwa chokaa.
Sasa yeyote anayedaiwa akiweka sikio
husikia maji yakienda ndani.

Shangazi alilamba kwanza.
Naam, alilamba! Kidole jiweni, kidole ulimini:
mla tambuu wa miaka sitini
haioni chokaa akaipita.
"Haijapikwa," akasema.
"Baba yangu angeirudisha tanurini."

Kisha akaweka sikio.
Akakaa. Akakaa mpaka ushungi ukaloa
na mimi nikadhani kasinzia kwa kusimama.

"Hivi vipuli," akasema, shavu bado jiweni,
"si vyangu. Vya Mwanakombo binti Hamadi,
nyumba ya pili kutoka kwetu, Wete.
Niliazima kwa harusi ya Alhamisi.
Jumatatu hatukuwepo tena.
Nimevivaa siku ya nikahi yangu,
nimevivaa eda ilipokwisha,
juzi nimevivaa hospitali nikipimwa macho.
Na nyie miaka yote: vipuli vya shangazi vizuri, vipuli vya shangazi!"

Akavua kimoja. Akatafuta ufa.
Dawa ya deni kulipa, nilitaka kusema,
methali ikanikwama kooni kama mwiba wa changu.
Akakitia ufani, akakitazama,
akakitoa.
"Jiwe si Mwanakombo," akasema.
"Siwezi kumlipa mtu baki."
Akakivaa tena, akikosea tundu mara mbili,
vidole vilikuwa baridi.

Nikamuuliza Musallam: yuko aliyeweka sikio asisikie?
Akacheka. "Mlima huu ndani mtupu,
maji hupita mwaka mzima. Hata mbuzi angesikia."
Na wewe, husikia?
Akainama kuokota fimbo yake.
"Mimi nina kazi nyingi," akasema.
"Sijawahi kuweka."

Mimi niliweka, walipokwisha kutangulia kushuka.
Dakika moja, labda pungufu.
Sitasema.

Thumraiti, kituo cha petroli, nje ya ukungu,
jua lilichoma kama vile halikuwahi kukatika.
Shangazi alikuwa akihesabu kwa vidole
nani wa Wete bado anapokea simu,
akifika wa nne anarudi wa kwanza.
Kijana wa pampu, Mmalabari, akanirudishia chenji,
akanitazama, akagusa sikio lake la kulia.
Nikagusa langu.
Vidole vikarudi vyeupe.