Kaniwashie

Baba hakuwahi kumfundisha Nkwabi kuvuta sigara.
Alimtuma tu.
"Kaniwashie," husema, mkono umenyooka,
maongezi na wageni hayakatiki,
na jikoni ni hatua arobaini,
na upepo wa Usoke wakati wa kiangazi hauna huruma na mtoto,
kwa hiyo ukishaigusisha kwenye kijinga
sharti uvute kidogo, isizime njiani.
Kidogo tu.

Nasema ninachokijua: kabla yake mtumwa nilikuwa mimi.
Nilikohoa hadi mama akacheka,
nikamsukumia mdogo wangu kazi hiyo
kama nilivyomrithisha kandambili.
Alikuwa na miaka saba. Hakukohoa.
"Huyu dume," baba akasema,
na wageni wakapiga makofi.

Kwetu tumbaku ndiyo iliyotusomesha.
Sare zetu zilinuka bani,
viganja vilinata utomvu mweusi
usiotoka kwa sabuni wala mchanga,
na usiku wa kukausha, zamu yetu ya kuchochea,
tulikaa macho kando ya magogo ya miyombo
tukihesabu: jani hili ada, hili madaftari,
hili, na hili, na hili, deni la mbolea.
Nani angeliita sumu
jani lililotuezekea nyumba bati?

Kidato cha pili akapata marafiki.
Siwezi kuwachukia, ingawa nimejaribu.
Shagembe alimbeba mgongoni kutoka shuleni hadi zahanati
siku malaria ilipompanda kichwani.
Kulwa alimmegea muhogo wake kila mapumziko.
Watu wa namna hiyo wakikunyooshea msokoto
nyuma ya ghala la chama cha msingi,
huuoni msokoto.
Unauona mkono.

Nilimfuata huko jioni moja, nikamwambia acha.
Macho yake yalikuwa mekundu, sauti yake ya upole:
"Nikiacha, dada, nitakaa na nani?"
Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na basi la kuwahi, la Tabora mjini, la chuo.

Baba alipojua alichukua fimbo.
Alimchapa huku sigara ikimning'inia mdomoni,
majivu yakimdondokea mtoto mgongoni
kila mkono uliposhuka.

Desemba hii nipo likizo.
Kifua cha baba kinapiga filimbi usiku kucha,
asubuhi bado paketi iko mfukoni.
"Kabula," anamwita kitinda mimba wetu, "kaniwashie."
Kabula ana miaka sita. Anaruka juu;
kutumwa na baba ni cheo.
Nafungua mdomo, hakitoki kitu.
Mama anachambua mchele, anazidi kuuchambua.

Aliyesimama ni Nkwabi,
ambaye wiki nzima hajasema na mtu.
Akamwahi mlangoni, akapiga magoti,
akamfumbua vidole, kimoja kimoja,
akamwambia, "Kacheze."
Kisha akaenda jikoni mwenyewe.
Akakawia.

Aliporudi alimkabidhi baba sigara inayowaka
kwa mikono miwili, kama tulivyolelewa.
Ilikuwa imebaki nusu.
Baba akaitazama, akamtazama aliyeileta,
akaitazama tena.
Hakuivuta.
Au labda aliivuta baadaye, sijui;
mimi nilikuwa nimeshatoka nje
kumtafuta Kabula.