Sentimita Kumi na Moja

Mara ya kwanza walipoyateremsha mabawa mawili
hayakukutana.
La mashariki lilikaa juu ya la magharibi
sentimita kumi na moja,
kama wakwe waliokataa kupeana mkono.
Mhandisi Dzintars akapima, akapima tena,
akavua kofia, akaifuta ndani kwa leso
ingawa ilikuwa nyuzi nane chini ya sifuri.
Sisi wa ukingo huu tukasema kosa ni la wale.
Wale, nilisikia baadaye, walisema vilevile.

Miaka sita. Kampuni ya kwanza ilifilisika
ikaacha nguzo moja mtoni, shakwe wakaifanya kiti.
Ya pili ikaja na mashine za njano na ahadi ya Agosti;
haikusema Agosti ipi.
Barafu ya Februari ikavunja jukwaa.
Meya akabadilika. Mwingine akaja, naye akabadilika.
Bei ya chuma ikapanda, daraja likabaki chini,
au tuseme juu, maana hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Mama yangu, Skaidrīte, alivuka kwa feri kwenda kusafishwa damu
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Feri ilipogandishwa, alizungushwa kilomita arobaini na mbili
ndani ya gari la mikate la Ilgvars,
akarudi koti likinuka tanuri.
“Nitatangulia mimi,” alisema. “Daraja litanikuta.”
Akatangulia. Mwezi wa kumi, kabla ya theluji.

Walisawazisha kwa jeki, kwa matusi, kwa usiku kumi na saba.
Siku ya ufunguzi: bendi, utepe, mkasi butu.
Tulipoanza tu kuvuka, kengele ikalia.
Taa nyekundu. Vizuizi vikashuka.
Mashua moja, mzee Aivars na ndoo ya mikunga,
polepole mno, hata juu hakutazama,
na barabara nzima ikasimama wima kumpisha.
Watu wakaguna. Mimi nilicheka peke yangu:
gharama yote ile, ili lijue kupisha.

Yaliposhuka nikapiga magoti kwenye mshono,
polisi akinitazama, nikapitisha kidole.
Upenyo upo bado, mwembamba kama sarafu.
Sharti uwepo, alisema Dzintars, chuma nacho hupumua.
Chini yake maji yalikuwa yakienda zake.

Nilikuja na kifungo cha koti la mama.
Hakikupenya.
Nikakirudisha mfukoni, nikavuka,
nikanunua mkate.