Fundo

Shika mche huu wa maharage, Drateru.
Usiukung'ute bado. Tazama mizizi.
Hivi vidonge vya duara
ukivisugua kwa dole gumba hubanduka.
Pasua kimoja: ndani chekundu
kama ufizi wa mtoto.
Hicho si adui. Hicho ni jiko la mmea,
lapika mbolea bila kudai kuni.

Sasa huu, wa tuta la chini, karibu na kisima.
Hapa mzizi wenyewe umevimba,
kama vidole vya bibi msimu wa mvua.
Sugua. Haubanduki.
Humo wamelala minyoo wasioonekana,
wanyonyao bila kunguruma.

Mwaka juzi sikujua kutenga fundo na fundo.
Nikatwanga mbegu za mwarobaini, debe zima,
nikasema: mti wa Mungu, utamdhuru nani?
Uso wazi, upepo wa Kongo ukivuma,
unga ukanijaa machoni.
Siku mbili nikahesabu kuku kwa sauti zao.
Kisha nikazidisha kipimo, kwa hasira tu,
na majani yakaungua kingo.

Maji yaliyobaki
niliyatia kwenye chupa ya soda.
Aliyeiokota ni Ayiko, mwanao.
Alionja, akatema.
Uchungu ndio uliomwokoa, si mimi.
Tangu siku ile hunisalimu ila msibani.

Ndiyo maana nimekuita.
Glavu hizi hapa. Kitambaa cha pua, hiki.
Ile pakiti ya dukani Koboko nimemsomesha binti yangu
mstari kwa mstari, hata maandishi ya sisimizi:
kifuniko kimoja, ndoo moja, basi;
na siku za kungoja kabla ya kuchuma,
hata kama ni majani ya kitoweo cha leo.
Upepo ukiamka, tunaacha.
Masalio hayaendi kisimani,
kambare hawajatukosea.
Chupa nimeipaka rangi nyekundu,
iko darini, na ngazi naificha mimi.
Msimu ujao tuta hili litakuwa la mtama.
Acha hao wa chini wafunge saumu.

Wanasema mti huu huponya maradhi arobaini.
La arobaini na moja ni mkono usionawa.

Nawa, wifi. Sabuni ile pale.
Halafu uniambie, hilo la kifuani
ni kidonge cha kubanduka,
au mzizi wenyewe ndio uliovimba.