Maharagwe Thelathini na Moja

Niseme mapema: taji sikuliona.
Kule Masaleni, juu ya Moshi, ufalme ulikuwa kiti cha miguu mitatu
na mwavuli mweusi, zawadi ya Bwana Shauri kwa Mangi,
ambao mkewe aliutandaza juani kuanikia ulezi.

Lori lilipopanda mlima mwaka wa arobaini na mbili
Mangi alitia sahihi orodha, mkono ukimtetemeka.
Aikaruwa, mkewe, alisimama mlangoni na kibuyu:
kila kijana aliyepanda, harage moja.
Ndetaramo, kho. Baba yangu, kho.
Thelathini mekundu, kisha mekundu yakaisha.
Wa mwisho, Kiriaeli, akapewa jeusi.

Halafu barua kutoka Bama,
zimepakwa wino na mkaguzi tusiyemjua,
mistari mizima imezimwa kama taa.
Yeye alisoma kwa wamisionari miaka minne,
basi akawa macho ya mtaa mzima.
Alhamisi, soko likivunjika, wanawake walitua majani ya ng'ombe
wakamzunguka kibarazani.
"Hapa," akasema, kidole juu ya weusi,
"anauliza kama ndama amezaliwa.
Hapa anasema ameota mtori, akaamka analia.
Na hapa, mto wa huko unamshinda Weruweru kwa upana,
ila maji yake hayana ladha."

Mama yangu alijua kusoma kidogo.
Alinyamaza.

Ndeambiliasia hakunyamaza. Habari ya mwanawe ilikuja fupi,
bila wino wa kuficha chochote.
Alipanda hadi uani kwa Mangi, mvua inanyesha,
akakipindua kibuyu matopeni.
"Wangu ameoza ng'ambo. Wako yuko Tabora,
anafundishwa kufunga tai!"

Ilikuwa kweli.
Mke wa Mangi hakujibu, wala hakumwita askari.
Alipiga magoti na gauni lake la kanisani
akaokota moja moja mpaka taa zikawashwa.
Mekundu thelathini.
Jeusi halikuonekana.

Lilichipua mwezi uliofuata, ukingoni mwa mfongo.
Hakuling'oa, hakumruhusu mbuzi.
Alikata jani la sale, akalifunga fundo,
akashuka nalo mwenyewe, miguu mitupu,
hadi kwa Ndeambiliasia.
Walichozungumza sijui.
Najua tu kwamba mche ulihamishwa,
na kijiti chake.

Walirudi kumi na tisa.
Baba alirudi na sanduku la bati na sikio moja lililokufa.
Usiku wa kwanza mama alimpikia mtori.
"Nani kakwambia nimeuota?"
"Wewe, kwenye barua."
"Sikuandika hivyo."
"Najua. Kula."

Kisha Uhuru, na baada ya Uhuru sheria:
Umangi basi.
Mume wake aliutazama ukuta miaka miwili, akafa.
Yeye alibeba gunia la kahawa, akashuka ushirika,
akapanga foleni.
Wanaume wakavua kofia, wakampisha.
"Rudini," akasema. "Mimi ni wa sabini na mbili.
Tangu lini sabini na mbili ikatangulia sabini na moja?"
Karani alicheka. Yeye hakucheka.
Alisimama mpaka saa tisa, jua la Moshi kichwani,
mwavuli mweusi ameufumba mkononi,
anachora kwa ncha yake vumbini
kitu ambacho hakuna aliyethubutu kukisoma.

Mimi sasa napanga barua Posta, mjini.
Zikinifikia zilizolowa, maandishi yamevuja,
huwa nazishika kidogo kuliko inavyoruhusiwa.

Siku tuliyomzika, ndani ya kihamba, kati ya migomba,
Ndeambiliasia aliletwa kwa kushikwa mikono,
macho yake yamekwisha.
Nyuma yake wajukuu wawili na sufuria kubwa:
maharagwe meusi, uzao wa ule mche,
yamepikwa na ndizi, chumvi imezidi kidogo.

Tulikula wote, wa Mangi na wasio wa Mangi.
Nilianza kuhesabu yaliyokuwa sahanini mwangu.
Mama akanipiga kofi la mkono.