Mkandarasi Huru

Namba niliitoa kwenye karatasi iliyobandikwa
ngazini petu, Kibokoni:
kunguni, mende, panya, siku moja kwisha.
Nikapiga. Sauti tamu kama kaimati ikaniambia,
"Mama, tunakutumia mtu wetu."
Mtu wetu. Nililisikia kwa sikio hili la kulia,
lile zima.

Akaja Jumanne, mtungi mgongoni,
shati la kijani, jina lao limeandikwa bega hadi bega.
Chiro, alisema. Kijana wa Kisauni.
Chai aliinywa wima,
maana viti vyote nilikwisha kuvifunika magazeti.
Akasema tutoke hadi adhuhuri, dawa ni kali.
Nikaenda na wajukuu kwa Bi. Thureya
tukachambua mchicha.

Tuliporudi kunguni wamekufa, lazima niseme kweli.
Na bangili mbili za mama,
alizozivua mkononi mwake zikiwa bado na joto
akanivisha siku ya harusi yangu,
hazimo tena ndani ya kopo la biskuti
chini ya gunia la unga,
mahali ambapo hapajui mtu
ila kunguni, na anayewafuata.

Ofisi yao iko Barabara ya Digo, juu ya duka la viatu.
Bwana Rimba, meneja, alinikaribisha maji baridi.
Akafungua faili, akaligeuza linielekee,
akaweka kidole: mkandarasi huru.
"Si mwajiriwa wetu, mama. Mshahara hatumpi,
likizo hatumpi, mtungi ni wake, dhambi ni zake.
Na wahenga walisema, mjumbe hauawi."

Mwanangu, nikamwambia, mjumbe sina haja naye.
Namtafuta aliyemtuma.
Zile elfu nne na mia tano sikumpa Chiro,
nilizituma kwenu kwa simu,
na ujumbe ukarudi papo hapo na jina lenu,
asante kwa kutuamini.
Pesa yangu ilijua njia ya kwenu.
Hasara yangu mbona inapotea ngazini?

Akacheka kidogo,
kicheko cha mtu mwenye wakili.

Usiku ule nililigeuza neno lake mdomoni
kama kokwa ya ukwaju.
Huru.
Anayetuma ni mtuma.
Anayetumwa, lugha yetu inamwitaje?
Na huko Kisauni, pale Kengeleni anaposhukia Chiro,
kengele ingali inaning'inia
iliyowaonya watu zamani kwamba washikaji wanakuja.
Siku hizi hawaji. Wanapiga simu,
nawe unajipeleka, na mtungi wako.

Ijumaa, baada ya alasiri, mlango ukabishwa.
Chiro. Bangili moja ndani ya leso ya karatasi.
Ya pili sonara alikwisha kuiyeyusha.
Hakukaa. Alisema katika elfu nne na mia tano
yeye hupata mia saba,
dawa anunue mwenyewe,
na shati lile walimkata mia nane kulivaa.
Kifua chake kilikuwa kinakwaruza kama mlango wa bati.
Sikumsamehe. Mwizi ni mwizi, hata akikohoa.
Lakini nilimwuliza, daktari anakulipia nani?
Akanitazama kama niliyemsemesha Kichina.

Alipoondoka, shati aliliacha kizingitini.
Nikalifua. Sijui kwa nini.
Maji ya kwanza yalitoka meupe, yananuka dawa,
ya pili vilevile, hata ya tatu.

Leo, mahakama ya madai madogo,
Bwana Rimba na wakili wake na faili lao.
Kidole kikarudi palepale. Huru, mheshimiwa, huru.
Hakimu, binti mdogo mwenye miwani,
akanigeukia: "Mama, una ushahidi gani?"

Bangili moja ikalia mkononi
nilipofungua mfuko wangu wa sokoni.
Nikalitandaza shati juu ya meza, mgongo juu,
nikalinyoosha makunyanzi kwa kiganja.

Bwana Rimba akalitazama jina lake,
bega hadi bega,
na ndani hamna mtu.