Kiti cha Nyuma

Heino, wameifungua Lada yako.
Waliniambia wataikagua tu.
Narudi na kahawa naikuta imekalishwa juu ya magogo,
haina milango, haina boneti, haina haya.

Miaka sita tuliisubiri zamu yetu,
karatasi moja yenye muhuri
ukaitunza kuliko cheti cha ndoa.
Rangi hatukuchagua. Tulipewa ya uji uliopoa,
tukashukuru.
Ikabeba viazi. Ikabeba ndama mgonjwa.
Ikabeba kodiani yako, na wewe, na deni la wewe kulewa.

Sasa mwanao Tarvo na yule Ülo wa karakana ya matrekta
wanaipima kwa gramu.
Zulia nje. Redio nje. Hita nje.
Mwezi wa kwanza huu, Heino,
baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri,
nao wanatoa hita!
"Uzito, mama," ananiambia,
kama daktari anayemsema mgonjwa mnene.

Ndani wamejenga kizimba cha mabomba.
Ülo alichomelea usiku kucha,
mwanga wa buluu ukipiga dirishani kwangu
nikadhani ni radi iliyopotea njia;
theluji na radi, wapi na wapi?
Kichwa cha injini kimechongwa.
Kabureta mbili zimekaa ubavuni
zinavuta hewa kwa pupa kama ndama pacha.
Springi mpya, shokomzoba za manjano zenye bei ya ng'ombe
(bei hakuisema; niliiona risiti nikifua suruali).
Bamba la chuma chini ya tumbo.
Na tairi wamezivisha njumu.

Sikupinga. Asiyejua spana hushika taa,
nami nikashika taa.
Ila walipofika kiti cha nyuma nikasema hapana.

Tarvo, hapa ndipo ulipozaliwa.
Kati ya Põlva na Võru, alfajiri, barabara ya changarawe,
baba yako amekanyaga mafuta hadi sakafuni,
kona anazikata kwa breki ya mkono,
kofia ya chuma hana, mkanda hana,
mimi nimekaza miguu mlangoni
namtukana yeye na ukoo wake wote.
Hukuwasubiri wakunga.

Ülo akazima mashine,
akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Walikitoa polepole, bolti moja baada ya nyingine,
wakakiweka barazani kwenye bafu ya mvuke.
Kilikuwa bado na doa.

Jaribio la kwanza, difu ikang'oka meno.
La pili, ekzosi ikatema moto, paka akahama.
Mkaguzi akakataa kiungo kimoja cha kizimba,
Ülo akanuna siku mbili, ya tatu akachomelea upya.
Wakataka kuipaka nyekundu na nyeupe.
Tarvo akasema: rangi iachwe.
Sikumwuliza kwa nini.

Jumamosi tulikiburuta kile kiti kwa sleji,
mimi na Virve jirani,
mpaka kwenye misonobari, pale kona ya kinu
inapojifunga kama ngumi.
Tukakaa. Virve akamimina kahawa.
Magari tisa yakapita, nikayapigia makofi ya heshima.

La kumi lilikuja kwa sauti kwanza.
Mngurumo mkavu, ukipanda, ukikatika, ukipanda,
halafu taa nne ndani ya vumbi la theluji,
halafu uji wetu uliopoa
unakuja ubavu mbele, Heino, ubavu mbele kabisa,
mlango ule ule niliousukuma kwa nyayo
sasa unanitazama mimi.

Kahawa ilimwagika, sijui lini.
Nilijikuta nimechimba visigino kwenye barafu,
mikono imeshika kitambaa chenye doa,
na sikumtukana mtu.
Nilisema tu, kwa yeyote kati yenu aliyekuwa usukani:
kanyaga.