Rangi za Mafuta

Miaka kumi na tisa nimelipangusa jua vumbi,
kila Jumatatu, kwa kitambaa kikavu,
katika nyumba ya wageni ya reli, Kigoma,
juu ya kabati la vikombe vilivyokatika vishikio.

Picha ya mafuta, alisema Bwana Mwakatobe siku ananiajiri.
Mafuta gani? nikauliza.
Akacheka mpaka akavua miwani.
Lakini mimi nimezaliwa na wakamua mawese wa Mwandiga;
ukinitajia mafuta,
nataka kujua yametoka chikichi gani.

Mwanzoni niliidharau.
Ziwa la waridi, nani kaliona?
Milima ya Kongo imepakwa buluu ya kufulia,
mwamba una kijani cha chura,
na jua halikuchorwa, limebandikwa
kwa pigo moja la kisu, nene
kama siagi kwenye mkate wa asiyeinunua.
Hamna mtumbwi. Hamna mtu. Hamna hata kunguru.
Nikasema, huyu alikuwa na homa;
malaria nayo ina rangi zake.

Pembeni ameandika 1911.
Mwaka huo reli haijafika hata Tabora.
Basi alikuja kwa miguu,
na makopo yake ya rangi
kichwani mwa mtu.

Kisha ukaja ule mwezi wa nane,
ng'ambo wanachoma mashamba, moshi unavuka maji.
Niko Katonga, napimiwa dagaa,
nainua uso:
waridi.
Kijani cha chura.
Buluu ile ile ya kufulia, imemwagika milima mizima,
na jua limeganda kama mawese ya alfajiri ya baridi.
"Mama, chenji yako," anasema Nyabitega.
"Mama. Chenji."

Jumatatu sikushika kitambaa.
Nilipanda kiti, nikaisogelea mpaka pua ikanusa turubai.
Ndani ya rangi, punje za mchanga.
Na chini, kona ya kushoto,
alama ya dole gumba
lililogusa kabla rangi haijakauka.
Pana. Ufa umelikata katikati,
ufa wa mkono uliozoea kamba.
Si la mshika brashi, hilo naapa.
Labda upepo ulitaka kuichukua picha
na mtu akaambiwa: shika hapa.
Nikaweka la kwangu juu yake.
Likaenea, likabakiza nafasi.

Mwezi uliopita wamekuja wa Dar es Salaam
na glavu nyeupe, na sanduku lenye pamba.
Wakabishana jina la mchoraji.
Nikawaambia, humo ndani mna mtu.
Kijana mmoja akainama, kwa adabu, akatazama muda mrefu.
"Hamna mtu, mama. Ni mandhari tu."

Ukutani umebaki mraba,
mweupe kuliko ukuta wote.
Jumatatu nilichukua kitambaa,
nikaupangusa.